Jedwali la Magari, Miguu ya Watu: Walivyovuka hadi Lindisfarne

Lindisfarne ni kisiwa cha kaskazini mashariki mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland, na ni kisiwa kwa baadhi tu ya saa za siku. Maji yakijaa kinakatika na bara. Yakipwa unabaki mchanga mtupu. Barabara ya lami ilijengwa mwaka 1954, lakini njia ya zamani ingalipo: kilomita 5 hivi za mchanga na tope, zilizowekewa nguzo ndefu za miti. Mahujaji wamekuwa wakivuka hapa tangu mtawa Aidan alipoanzisha monasteri yake mwaka 635.

Mume na mke, wazaliwa wa Tanga wanaoishi Newcastle, waliivuka njia hiyo kwa miguu na kurudi bara siku hiyohiyo. Nataka kuuchambua mpango wao kwa sababu waliisoma sawasawa karatasi ambayo wengi huisoma kombo.

Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Siku yao, nafasi ilikuwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Ukiliangalia haraka utadhani una saa saba za kujinafasi. Lakini saa hizo ni za magari, na barabara imeinuliwa. Mchanga una mabonde na mikondo, nayo hujaa kabla lami haijalowa. Mwenda kwa miguu anashauriwa atumie nusu ya kwanza tu, maji yakiwa bado yanatoka.

Kwa nini nusu ya kwanza? Saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake, kina cha maji ni kilekile, au karibu sawa. Hatari ndiyo haifanani. Maji yakitoka, kila dakika unayochelewa inakukaushia njia: umekwama kwenye tope, umesimama kufunga kamba za viatu, bahari inakusubiri. Yakiingia, kila dakika unayochelewa unailipia. Na hayaingii kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha mwendo unapungua. Kwa hiyo nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Saa ya kwanza humdanganya mtu. Huona bahari imetulia, akaagiza chai nyingine.

Maji yalikuwa yapwe kabisa saa sita na nusu mchana. Wakaondoka bara saa nne na nusu, wakijipa saa mbili. Bamvua lilikuwa limepita siku nne nyuma, nalo lilikuwa chaguo zuri: siku za bamvua maji ya pale hupanda na kushuka mita 4 hivi, na mikondo huwa na nguvu. Viatu walivua mapema. Upande wa kisiwani tope ni jeusi, linateleza na kunyonya mguu hadi juu ya kifundo, na buti likishajaa humo huwa mzigo.

Mabishano yalizuka walipofika. Mume aliona hadi saa kumi bado kuna muda, basi warudi kwa mchanga saa nane.

"Baba watoto, hiyo saa kumi ni ya magari," mke akamjibu. Huyu amekua akichokoa pweza na shangazi zake. Maji yanayoingia huyajua kwa kuyatazama. Wakarudi kwa teksi saa tisa, kupitia barabarani. Wapo watakaosema huko ni kuharibu safari. Mimi naona ndipo mpango ulipokamilika. Njiani kuna vibanda vya kujiokolea vilivyosimama juu ya miguu mirefu, na havikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

Tundu lilikuwa moja: ukungu. Katika pwani ile, hewa ya uvuguvugu ikipita juu ya maji baridi huweza kuleta ukungu mzito hata siku iliyoanza na jua, na nguzo ya mbele isionekane. Hilo hawakulipangia. Kilichowafaa, hata kama hawakukilenga kwa ukungu, ni saa ya kugeuka waliyokubaliana kabla ya kukanyaga mchanga: ikifika saa tano na nusu na nusu ya njia haijaisha, wanarudi bara, kwa kuwa maji bado yangekuwa yanatoka na nyuma yao kungekuwa kukavu kuliko walipopita. Walifika katikati dakika kumi kabla, wakaendelea.