Taksimu Aliyonyang'anywa Kijana wa Udi

Mliokuwepo kwenye onyesho la taarabu Jumamosi mlisikia wenyewe. Wimbo wa tatu, maqamu ya bayati, kijana wa udi ameshakaa sawa, risha mkononi, anasubiri kufungua kwa taksimu, ile dibaji anayoibuni mpigaji papo hapo. Mwalimu wake akamwashiria atulie, kazi akampa mtu wa kinanda. Ule ulikuwa uamuzi mbaya, na hofu ya kukosea haiutetei.

Bayati ya re ina noti ya pili inayokaa kati ya mi bemoli na mi. Kinanda kile hakikuwekwa robo hiyo ya sauti, kikaishia kwenye mi bemoli. Fidla zilipoingia na robo yao sahihi, sauti mbili zikagombana, na mwimbaji akaipapasa noti yake ya kwanza kama mgeni wa wimbo. Vinanda nimevilalamikia miaka nenda miaka rudi na sitanyamaza: vinatuulia taksimu, halafu vinayazoesha masikio ya vijana sauti isiyokuwepo kwenye maqamu kama hiyo.

Watetezi wa mwalimu wanasema kijana hakuwa tayari. Angekuwaje tayari? Vikundi vyetu vya vijana hukutana wiki ya onyesho tu, wakapiga mpaka vidole vikavimba, kisha udi ukarudi mfukoni kungoja mwaliko mwingine. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gita. Kidole kikiteleza kidogo tu, robo imepotea, na hakuna wiki moja inayoweza kukifundisha kidole mahali pake. Nusu saa kila siku, maqamu moja, polepole, kupanda na kushuka, sikio likisahihisha kidole kabla wimbo wowote haujaguswa. Mwalimu aliyekosa kulisimamia hilo miezi yote hana haki ya kumwadhibu mwanafunzi jukwaani.



Na anayeogopa kukosea akumbuke: mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani dakika kama tatu, bila kukata wala kubandika. Subeti bin Ambar aliyeshika udi hakuwa na pa kujificha. Msikilizeni pia mpiga udi Zein l'Abdin akitua kwenye robo: hapapasi, anafika.

Onyesho lijalo taksimu ile arudishiwe mwenyewe. Na mwalimu aanze kumsikiliza kesho asubuhi, nusu saa, kinanda kikiwa kimezimwa.