Mtumwa katika Barua za Padre: Kumsoma Horner kwa Kiswahili

Barua za Padre Anton Horner kutoka Unguja zimepata msomaji makini katika Paul Kollman, naye padre na mwanahistoria wa Kanisa, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kinawafuatilia watumwa waliolelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu Zanzibar na Bagamoyo. Kollman hazichukulii barua hizo kuwa ushahidi mtupu. Anajua ziliandikiwa wakubwa wa shirika na wafadhili wa Ulaya. Anachotafuta ndani yake ni matendo ya waliokombolewa: nani alibaki, nani alitoroka, nani alilalamika. Katika hilo amefanikiwa. Hata hivyo, usomaji wake unaishia pale ambapo mhakiki wa Kiswahili angepaswa kuanza.

Horner alifika Unguja mwaka 1863, wakati soko la watumwa lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Watoto walionunuliwa hapo walitoka bara na lugha zao, na kwa wengi Kiswahili kilikuwa cha kujifunza, kama kilivyokuwa kwa padre mwenyewe. Kisha barua ikaandikwa kwa Kifaransa.

Kifaransa kilimpa neno *esclave*. Kiunguja kilikuwa na mateka, mjakazi, mzalia, suria, mjoli na mahuru, na kila neno lilimweka mtu mahali pake mbele ya bwana na mbele ya wenzake. Mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake, hakuwa sawa na aliyeshushwa jahazini jana. Zaidi ya hayo, mtumwa na mtume wanatokana na kitenzi kimoja, *tuma*. Mmisionari na mtoto aliyemnunua wangeweza kutajwa kwa mzizi uleule, jambo ambalo Kifaransa hakiwezi kulidokeza.

Je, mapadre hawakuzisikia tofauti hizi? Kamusi ya Charles Sacleux, wa shirika hilohilo, iliyotoka Paris 1939, inatenganisha msamiati wa lahaja kwa uangalifu mkubwa. Sikio lilikuwapo. Kilichotofautiana ni msomaji aliyekusudiwa: mfadhili wa Lyon hakuwa na haja na mjoli.

Barua hizi zinastahili kufasiriwa kwa Kiswahili. Kila penye *esclave* mfasiri atalazimika kuchagua neno, na pale ushahidi unapomnyima uchaguzi, aandike hivyo pembezoni.