KUBINAFSISHA AU KUJIPANGIA? Uhakiki wa Istilahi za Dashibodi ya Mtumishi

Mtumishi wa ofisi wa siku hizi hupimwa kwa njia ambayo watangulizi wake hawakuijua. Zamani taarifa ya utendaji wake ilijazwa na mkuu wake katika fomu ya siri, ikafungiwa kabatini, naye hakujua kilichoandikwa humo. Katika Tanzania taarifa hiyo ya siri iliachwa ulipoanzishwa, mwaka 2004, utaratibu wa wazi uliojulikana kwa kifupi kama OPRAS. Katika utaratibu huo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakubaliane kwanza juu ya malengo ya kazi, kisha wakae pamoja kuangalia yaliyotimia na yasiyotimia. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Serikali ilianza kuuhamishia upimaji huo katika mfumo wa kompyuta uitwao kwa kifupi PEPMIS. Mashirika na makampuni mengi nayo hutumia programu za namna hiyo, nyingi zikiwa zimetungwa nchi za nje.

Mabadiliko haya yameleta kazi mpya kwa watu wa lugha. Ikiwa mtumishi anapimwa kwa maneno yaliyo mbele yake, basi hapana budi ayaelewe maneno hayo. Waraka wa Waziri Mkuu wa mwaka 1974, ulioagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za ofisi za Serikali, haukuweza kuijua kompyuta iliyo juu ya kila meza. Lakini shabaha yake haijapitwa na wakati.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za sehemu moja tu ya programu hizo, yaani ukurasa wa kwanza anaouona mtumishi afunguapo programu. Ukurasa huo humwonyesha kwa muhtasari kazi alizopangiwa, kiasi alichotimiza, tarehe zinazokaribia, na rangi za kijani, njano au nyekundu kuashiria hali ya kila kazi. Aghalabu programu humruhusu auweke ukurasa huo kwa namna inayomfaa: ahamishe grafu hii juu na ile chini, afiche asichokihitaji, achague kuona takwimu za mwezi au za robo mwaka. Tendo lenyewe ni dogo. Lakini katika miongozo ya Kiswahili tuliyopata kuisoma, tumekuta tendo hilo moja likipewa majina manne, na baadhi yake yanaweza kumpotosha msomaji.

Tuanze na jina la ukurasa wenyewe. Wengine wameuita “ubao wa taarifa”, na wengine “dashibodi”. Sisi tunaona “dashibodi” ibaki. Asili yake katika Kiingereza ni ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kuzuia matope yaliyorushwa na kwato. Magari ya injini yalipokuja, jina likahamia kwenye sehemu yenye mishale ya mwendo na mafuta mbele ya dereva. Na sasa limeingia ofisini. Katika safari hiyo ndefu Kiswahili kilikwisha kulipokea neno hili katika gereji na vituo vya mabasi, na hakuna dereva asiyelijua. Tena lina faida ambayo “ubao” hauna. Ubao wa taarifa husomwa na kila apitaye. Dashibodi husomwa na mwenye kushika usukani, wakati safari inaendelea, ili ajue kama ataifikisha. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa hapa.

Sasa tuje kwenye tendo. Jina la kwanza ni “kubinafsisha”: “Binafsisha dashibodi yako.” Mtu akilipima neno hili kwa kamusi peke yake, hataona kosa. Kuna “binafsi”, kuna kiambishi cha kusababisha, na maana inayopatikana ni kukifanya kitu kiwe cha mtu binafsi. Hata hivyo neno haliishi ndani ya kamusi peke yake. Tangu mapema miaka ya 1990 “kubinafsisha” katika Tanzania kumekuwa na maana moja inayojulikana na wote, nayo ni kuuza mali ya umma kwa watu au makampuni binafsi. Hivyo ndivyo lilivyotumika Kampuni ya Bia ilipouzwa nusu yake mwaka 1993, na hivyo ndivyo lilivyotumika kwa Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 2000. Nyuma yake limesimama neno “ubinafsi”, ambalo tangu enzi za Azimio la Arusha lilikuwa jina la ila. Tumchukue afisa wa halmashauri anayefungua mfumo wa Serikali, akaamriwa “abinafsishe” ukurasa wake. Asipocheka, atasita, na mwenye kusita mbele ya kompyuta hufunga na kwenda kumtafuta kijana wa kumsaidia.

Jina la pili ni “kuweka mapendeleo”. Hili limeenea sana katika simu, na huko halina madhara makubwa: mtu apendaye maandishi makubwa huweka maandishi makubwa. Lakini tulihamishie katika programu ya kupima watumishi. Malalamiko makongwe kuliko yote juu ya upimaji wa kazi ni upendeleo, yaani mkuu kumpa alama nzuri ndugu au rafiki yake na kumnyima anayestahili. Fomu ya siri iliachwa kwa sababu, pamoja na mengine, ilificha mambo kama hayo. Leo, juu ya ukurasa uleule unaotakiwa kuondoa upendeleo, tunaandika: “Weka mapendeleo.” Mfasiri hakukusudia hivyo, bila shaka. Lakini msomaji haoni makusudio ya mfasiri, huona neno.

Jina la tatu ni “geuza kukufaa”. Kosa lake ni la sarufi. Mswahili akitaka kueleza kusudi la tendo linalofanywa juu ya kitu, husema “ligeuze likufae”, “ipunguze ikutoshe”. Kitenzi cha pili hukubaliana na kile kitu na huwa katika dhamiri tegemezi. “Geuza kukufaa” ni maneno ya Kiswahili yaliyopangwa kwa mstari wa lugha nyingine.

La nne, “badili upendavyo”, ni Kiswahili safi. Lakini linaahidi mno. Mtumishi anaweza kubadili nini apendavyo? Alama zake? Tarehe ya mwisho ya kazi? Hawezi, wala hapaswi kuweza. Anachoruhusiwa kubadili ni sura ya ukurasa tu.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka wasomaji walizingatie kuliko mengine. Tumezoea kuipima istilahi kwa kuilinganisha na neno la kigeni: je, inalingana nalo kwa maana? ni fupi? inanyambulika? Vipimo hivyo ni vya haki, lakini havitoshi. Yafaa tuipime pia mahali itakapokaa, pamoja na majirani zake. “Mapendeleo” ni neno jema katika simu na ni neno baya katika fomu ya tathmini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mfasiri aletewaye orodha ya maneno mia tano bila kuonyeshwa ukurasa ambamo yatakaa hana namna ya kuwajua kunguni hao. Lawama yetu basi haimwendei yeye peke yake. Inawaendea pia wanaomkabidhi kazi ya namna hiyo.

Sisi tunapendekeza kitenzi “kupanga”, ambacho kila mtu anakijua, kikitiwa viungo viwili ambavyo sarufi yetu inavyo tayari. Kauli ya kutendea hutupa “kupangia”; kiambishi cha kujirejea hutupa “kujipangia”. Kwa neno moja tumesema kwamba mtumishi anapanga, na kwamba anapanga kwa ajili yake mwenyewe. Tumezoea kusema kujisomea, kujipikia na kujitafutia. Kwa hiyo neno hili halitahitaji mkalimani.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba “kupanga” kuna maana nyingi: kuna kupanga chumba, na kuna kupanga njama. Hilo ni kweli, lakini hakuna atakayedhani kwamba kompyuta inamtaka apange chumba. Muktadha unaziondoa maana hizo, ilhali kwa “mapendeleo” muktadha uleule ndio unaoiita maana mbaya. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mtumishi akiambiwa “jipangie”, je, hatadhani anaruhusiwa kujipangia malengo? Kwa sababu hiyo tunashauri kitenzi hiki kisiachwe peke yake kamwe. Kiandikwe: “Jipangie mwonekano.” Na anayetaka kurudi alikoanzia apate: “Rejesha mwonekano wa awali.” Neno “mwonekano” linaweka mpaka wazi: sura ya ukurasa ni ya mtumishi, bali malengo ni ya makubaliano yake na msimamizi wake.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa maneno yanayopangwa ndani ya ukurasa huo. Katika miongozo mingi “lengo” limebebeshwa mizigo miwili. Waandishi wa mipango ya Serikali walikwisha kuitenganisha, nasi tusiichanganye tena. Lengo ni kupunguza ucheleweshaji wa majibu ya barua za wananchi. Shabaha ni kujibu kila barua ndani ya siku 7 ifikapo mwisho wa Juni. Kiashiria ni idadi ya barua zilizojibiwa ndani ya siku hizo. Yote matatu yakiitwa “lengo”, taa nyekundu ikiwaka mtumishi hatajua kama ofisi nzima imeshindwa kazi yake, au kama yeye amebakiza barua tatu kwenye trei. Na kwa kuwa taa hiyo huenda ikaamua kupandishwa kwake cheo, ana haki ya kujua.

Kuhusu visanduku vinavyohamishwa katika ukurasa, “kidirisha” chatosha, maana “dirisha” limekwisha kuzoeleka. “Chati” lakini liangaliwe, kwa kuwa vijana hulitumia kwa mazungumzo ya simuni. Panapohusika michoro ya takwimu, “grafu” ni salama zaidi.

Hayo ndiyo maoni yetu. Hatudai kwamba “kujipangia mwonekano” ni neno la mwisho. Tunachodai ni kwamba neno lolote litakalosanifiwa lijaribiwe kwanza kwa karani, mwalimu na muuguzi watakaoketi mbele ya ukurasa huo, kabla halijapigwa muhuri. Walimu, wafasiri na watumishi wanaozitumia programu hizi kila siku wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao kwa wao wanapoelekezana kazi. Huenda neno tunalolitafuta limekwisha kusemwa katika ofisi fulani, nasi hatukuwapo kulisikia.