Pepo Anapoulizwa Jina Lake

Katika uganga wa pepo wa Mombasa, swali kuu la mganga halihusu maumivu. Mwanamke akishapandisha pepo, huulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, na wataka nini? Anayeulizwa ni pepo, lakini kinywa kinachojibu ni cha mgonjwa. Ufundi wote wa kupunga pepo umejengwa juu ya jambo hilo.

Kwanza tukumbuke kwamba watu hawakukimbilia ngoma. Katika nyumba za Mji wa Kale, maradhi yalipimwa kwa mizani ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda, pamoja na vyakula vya hari na vya baridi. Mzazi aliye ndani ya arobaini yake alikandwa kwa maji moto na kupewa tangawizi na pilipili manga ili baridi isimkae tumboni. Marc Swartz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Mji wa Kale tangu miaka ya 1970, aliieleza mizani hiyo kwa kirefu. Asili yake ni tiba ya Galen, iliyotafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9 na kupangwa upya na Ibn Sina. Elimu hiyo hiyo, kwa njia ya Kilatini, ndiyo waliyoitegemea madaktari wa London enzi za Shakespeare.

Dawa za mizani ziliposhindwa, ndipo bao la ramli lilipopigwa na kilinge, yaani mahali pa uganga, kutayarishwa. Buhuri hufukizwa chetezoni, kisha hujaribiwa ngoma baada ya ngoma, kwa sababu kila kabila la pepo lina mdundo wake, mavazi yake na harufu yake. Pepo wa Kiarabu hutaka udi, marashi na kombe la zafarani. Pepo wa Kimasai, wa Kihabeshi au wa Kipemba ana yake. Ngoma ndiyo kipimo: ule mdundo unaouinua mwili ndio unaotaja ugonjwa. Mgonjwa huitwa kiti, naye akishapandwa huweza kusema kwa lugha na sauti ambazo nyumbani hana ruhusa nazo. Pepo hudai pete, nguo, chano cha vyakula, au ngoma kila baada ya muda. Mganga hupatana naye mbele ya jamaa, na waliosikia hubaki na deni.

Linganisha na London ya enzi hizo za Shakespeare. Mwaka 1602 msichana Mary Glover alishikwa na mishtuko kama ya kifafa, na mwanamke mzee, Elizabeth Jackson, akashtakiwa kwa kumroga. Daktari Edward Jorden aliiambia mahakama kwamba ni maradhi ya asili. Hata hivyo Jackson alitiwa hatiani. Mwaka 1603 Jorden alichapisha kitabu kueleza kwamba tumbo la uzazi likisumbuka hukoroga koo, moyo na ubongo. Mwaka huo huo Samuel Harsnett alichapisha kitabu cha kuwaumbua mapadri waliopunga pepo. Shakespeare alichota humo alipoandika King Lear, na maradhi ya tumbo la uzazi akayatia kinywani mwa mfalme mzee. Wanawake wenyewe hawakuruhusiwa jukwaani. Sehemu zao ziliigizwa na wavulana. London ilibishana kama ni shetani, tumbo au ulaghai. Sioni mahali ambapo mgonjwa aliulizwa anataka nini.

Kuhusu matakwa hayo ya pepo, mwanaanthropolojia I. M. Lewis, katika kitabu chake cha 1971, aliona pepo kuwa silaha ya wanyonge, hasa wanawake. Linda Giles, aliyechunguza vyama vya pepo vya pwani yetu, alimpinga mwaka 1987: wafuasi wa vyama hivyo hawakuwa watu wa pembezoni tu, na mapepo yao yanabeba historia nzima ya Waswahili na majirani zao. Nakubaliana na Giles. Ombi la pete ni sehemu ndogo mno ya kilinge.

Masheikh wengi wameupinga uganga huu, na hoja yao ina uzito, maana ngoma hugharimu, na mwenye uvimbe au kutokwa na damu huweza kucheleweshwa asifike hospitali. Hilo halifuti ufundi wenyewe. Kiti aliyepona haachiwi aende zake. Huingia chamani akiwa mteja, hujifunza midundo na buhuri, na miaka ikipita huweza kuwa fundi anayewahoji mapepo ya wengine. Anayeuliza maswali kilingeni, mara nyingi, ni mtu aliyewahi kuugua maradhi yale yale.