Wiki tatu na ekuteri za dola elfu moja, kati ya Butembo na Beni

Hapa tumezoea kusoma juu ya vitabu, kazi na siasa ya inchi. Leo naomba ruhusa niongee juu ya kitu kidogo kinachoingia ndani ya sikio. Msicheke kwanza. Someni hadi mwisho, kisha mtanihukumu.

Shemeji yangu anaishi Ubelgiji. Alikuja Butembo kwa matanga ya mama yake, na katikati ya siku zile akalazimika kwenda Kampala kufuatilia karatasi zake. Kabla ya kupanda gari akaniachia mfuko mdogo wa ngozi. «Weye unapenda miziki,» akasema, «kamata hizi, usikilize mpaka nitarudia. Lakini usizipoteze, bwana. Bei yake ni pikipiki.»

Nilifikiri anatania. Ndani ya mfuko kulikuwa na kicheza-muziki kidogo kama kiberiti, pamoja na ekuteri za waya. Usiku nikatafuta bei ya ekuteri peke yake kwenye intaneti: zaidi ya dola elfu moja. Kweli, kwa pesa hiyo mtu wa Butembo anaanza kutafuta pikipiki na kulisha nyumba nzima. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu hakuna anayenilipa kuisifu, na pia kuna mabaya nitakayosema.

Kwanza tuelewane. Siongei juu ya zile ekuteri zinazokaa mlangoni mwa sikio na kuanguka ukikimbia. Hizi zinaingia ndani na kuziba, kama kizibo cha chupa. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iitwayo Etymotic ilitoa aina yake ya ER-4, ikitumia vipaza vidogo vya ukoo ule ule wa vifaa vya watu wenye shida ya kusikia. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti aliyekuwa akifanya kazi na kundi la Van Halen, akaanzisha Ultimate Ears ili wanamuziki wasikie sauti zao jukwaani bila kupigiwa kelele na spika kubwa za miguuni. Kutoka jukwaani kifaa kikashuka hadi mfukoni mwa msikilizaji wa kawaida, na bei ikapanda badala ya kushuka. Shure SE846 ya mwaka 2013 ina vipaza vinne katika kila sikio. Sennheiser IE 900 ya mwaka 2021 ina kimoja tu, chenye milimita 7. Zote mbili zilitoka kwa bei ya karibu dola elfu moja au zaidi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia «hii ina vipaza vingi, ndiyo maana ni kali», mwambie asante na uendelee na njia yako.

Siku mbili za kwanza sikuona ajabu yoyote. Besi haikuwepo, sauti ilikuwa nyembamba kama redio iliyokwisha betri. Nikataka kumwandikia shemeji kwamba walimwibia. Kumbe kosa lilikuwa langu: vizibo vya silikoni vilikuwa vidogo kwa sikio langu. Katika ekuteri za namna hii, besi inategemea kuzibwa kwa sikio. Hewa ikipata tundu hata dogo, besi inatoroka yote. Nikabadilisha vizibo, nikachukua vikubwa zaidi, na ghafula wimbo ukapata miguu ya kusimamia. Somo la bure kwa kila mtu, hata mwenye ekuteri za dola tano: kabla ya kuhukumu kifaa, badilisha kizibo.

Sasa tuje kwenye kusikia kwenyewe. Nilianza na albamu ya kwanza ya Lokua Kanza, ile ya mwaka 1993. Huyu ni mwana wa Bukavu, tunaweza kumwita jirani. Kwa miaka mingi nimesikiliza nyimbo zake kwenye simu na kwenye spika za butiki, nikidhani ninazijua. Sikuzijua. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa kabla ya noti kufika. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi. Zile sauti za pembeni, ambazo siku zote zilikuwa kwangu wingu moja, zikawa watu, kila mmoja amesimama mahali pake. Niliikata sauti katikati ya wimbo nikabaki nimekaa tu kitandani. Mtu anaweza kupendana na kitu miaka kumi bila kukiona uso.

Kisha nikaweka «Mario» ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Wasomi wenzangu mnajua kwa nini wimbo ule unatuuma: ni habari ya kijana aliyesoma anayelishwa na mama tajiri. Nilitegemea muujiza wa pili, lakini nilichopata ni kitu tofauti. Magitaa yalitengana vizuri, nikaweza kufuata moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayefuata mto. Ila faili langu lilikuwa lile la kilobiti 128 kwa sekunde, lililopitia simu za watu kumi kabla ya kufika kwangu, na ekuteri hizi hazisamehi. Matoazi yalisikika kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Kwa ekuteri zangu za kila siku sijawahi kuliona kosa hilo. Ndiyo shida ya kifaa kizuri: kinakuonyesha pia umaskini wa muziki tunaowekewa kwenye kadi ya memwari pale mjini kwa franka kidogo. Kabla ya kununua ekuteri ghali, uliza kwanza una muziki gani wa kuzipatia.

Nilifanya pia ulinganisho. Rafiki mmoja ana ekuteri za Kichina za dola ishirini, za waya, zilizotengenezwa na mojawapo ya kampuni zile ndogo zinazopendwa sana na vijana siku hizi. Tulikaa kwangu, watu wanne, tukabadilishana kwa wimbo ule ule. Wote wanne tulisema zile ghali ni bora. Lakini tulipoulizana ni bora kiasi gani, hakuna aliyethubutu kusema mara mbili, seuze mara hamsini. Na hili halikutushangaza sisi peke yetu. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, na hakuona uhusiano wa maana kati ya bei ya dukani na jinsi kifaa kinavyogawa sauti, kuanzia besi hadi sauti za juu. Bei inalipa mambo mengine pia: chuma, waya, kisanduku, jina. Baadhi ya mambo hayo yanasikika, mengine yanaonekana tu.

Hadi hapo ningeweza kufunga makala yangu, nikawa mhakiki kama wahakiki wengine. Lakini wiki ya pili nilikwenda Beni.

Nilifika kwa kaka yangu mkubwa, mtaa wa Boikene. Joto la Beni silo baridi la Butembo: ndani ya saa moja masikio yalilowa jasho na vizibo vikaanza kuteleza. Nikaweka vile vya sponji, vinavyobanwa kwa vidole kisha vinajaa ndani ya sikio. Vinaziba kuliko silikoni. Usiku, watoto walipolala, nikaegemea ukuta na Lokua Kanza wangu. Katika maandishi ya wahakiki wa Ulaya na Marekani, hiki ndicho kitu kinachosifiwa kuliko vyote: ukimya nyuma ya muziki. Wanasema dunia inapotea, unabaki weye na wimbo. Na ni kweli. Dunia ilipotea kabisa.

Nilichojua baadaye ni mkono wa mke wa kaka ukinitikisa bega kwa nguvu. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu, sikukisikia. Nilipotoa ekuteri, mtaa wote ulikuwa unalia: masufuria, vifuniko, mafilimbi, mbwa. Mnajua nyote maana yake. Nyumba moja ikigonga, ya pili inajibu, hadi mwizi au mtu mwingine mbaya aelewe kwamba watu wako macho. Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango, watoto wamekaa sakafuni, wamevaa viatu tayari. Mtoto wa miaka saba alikuwa amevaa viatu kabla yangu.

Usiku ule ilikuwa wezi, wakakimbia. Nawaambia haraka ili msihangaike. Lakini sikulala tena. Tangu mwezi wa kumi 2014, watu wa Beni na vijiji vyake wamejifunza kulala na sikio moja wazi. Wanatofautisha risasi ya mbali na ya karibu, pikipiki ya jirani na pikipiki isiyojulikana. Na mimi, msomi wa Butembo, nilikuja kwao nikayaziba masikio yangu yote mawili kwa sponji, nikaita jambo hilo ubora.

«Yaya,» akaniambia asubuhi mdogo wetu wa mwisho, anayesoma hapo hapo Beni, «ile kitu ni muzuri, lakini ni ya bantu benye iko na polisi ku mlango.» Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Tangu siku ile ninasoma uhakiki wa vifaa vya sauti kwa jicho lingine. Kila mhakiki anaandika akiwa amekaa mahali fulani. Anayeandika kwamba ekuteri nzuri ni ile inayofuta dunia, anaishi mahali ambapo dunia ikifutwa saa moja hakuna kinachotokea. Treni itafika, mlango umefungwa, akikosa kusikia kitu atapoteza kituo chake tu. Simlaumu. Lakini tukichukua kipimo chake kama kilivyo, tunanunua na usalama wake ambao duka haliuzi. Sisi tunahitaji kipimo chetu cha ziada, na wahakiki wetu tuwe sisi wenyewe: je, nikiwa nazo nitasikia jina langu likiitwa? Nitasikia honi kwenye barabara ya Maboya nikiwa nyuma ya motari? Nitasikia sufuria la jirani?

Mtanijibu: basi vaa sikio moja tu. Nilijaribu. Ni akili nzuri barabarani, lakini kwa muziki ni kula nusu ya sahani. Gitaa la upande wa pili linapotea, na wale watu wa Lokua Kanza waliosimama kila mmoja mahali pake wanarundikana tena kuwa wingu.

Na wengine tunafanya kinyume, ambayo ni hatari nyingine. Ekuteri isiyoziba inaacha kelele ya mji iingie, basi tunapandisha sauti hadi juu ili kuishinda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa kiwango cha desibeli 80. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 90 umebaki na saa nne tu kwa juma zima. Shirika hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wanahatarisha masikio yao kwa njia hii. Hapa ekuteri zinazoziba zina haki yake: kwa sababu kelele haiingii, unasikiliza kwa sauti ndogo. Kwa hiyo siwezi kuwaambia «msizinunue». Nawaambia mjue saa na mahali.

Kwa wenye haraka, hii ndiyo hukumu yangu. Zile za dola elfu moja ni nzuri kweli, na si kwa ajili yetu. Dola ishirini za waya, kutoka kwa mtu unayemwamini, zinatosha kumpa mwanafunzi karibu yote niliyosikia. Jihadhari na bandia za sokoni zenye majina makubwa. Chagua vizibo vinavyokutosha. Tafuta mafaili mazuri. Njiani, sikio moja. Usiku Beni, spika ndogo ya simu kwa sauti ya chini, na sikio kwa jirani.

Jumapili ya mwisho, kabla shemeji hajarudi, nilikuwa tena kwetu Butembo. Nilitaka kusikiliza albamu ile mara moja nzima, masikio yote mawili, bila woga. Nilimweleza dada yangu habari ya Beni. Hakusema kitu. Alichukua kiti chake na beseni la maharagwe, akaenda kukaa mlangoni pangu akiyachambua. «Sikiliza,» akasema. «Mimi niko.»

Nilisikiliza yote. Hakuna mhakiki aliyewahi kuniandikia kwamba kifaa hiki kinahitaji na mtu wa kukaa mlangoni.

Na ninyi, mnasikilizia wapi, na nani anawakalia mlango? Andikeni kwenye maoni, nitasoma yote.