Takriri na Uchovu: Utenzi Mrefu na Mchezo Mrefu Barazani Mchinga

Lawama ya kwamba tenzi zetu ni ndefu na zinajirudia si ngeni. Walimu wa skuli huisema, wahariri huitekeleza kwa mkasi, na baadhi ya washairi wetu wanaotunga beti tano tano huitaja kwa namna ya kujipongeza. Sikupata kuipa uzito mpaka nilipoisikia Mchinga, ile ghuba iliyo kaskazini ya Lindi, kinywani mwa kijana aliyekuwa amekaa hatua tatu tu kutoka mkeka tuliokalia mimi na babu yake.

Babu alikuwa akighani. Mkononi alikuwa na fotokopi iliyofifia ya Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, ule uliochapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukatolewa tena mwaka 1957 na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Alipofika katikati kijana akasema, kwa adabu lakini bila ya kuficha, “Babu, hii mbona haiishi? Kila ubeti unafungwa kwa sauti ileile.” Mzee hakumjibu. Alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea mbele kama kwamba hakuna kilichorukwa. Kijana akarudi kwenye simu yake.

Nilimwuliza alichokuwa akikicheza. Kilikuwa Final Fantasy VII, mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation na ambao siku hizi unaingia katika simu ya mkononi. Kwa wasomaji wetu wasioijua michezo ya namna hii, nieleze kwa ufupi. Ni michezo ya kuvaa uhusika: mchezaji humwongoza shujaa na wenziwe katika safari ndefu, miji kwa miji, na kila baada ya hatua chache huzukiwa na maadui. Akiwashinda hupata pointi, pointi humwongezea nguvu, na nguvu ndiyo inayomwezesha kumkabili adui mkubwa aliye mbele. Nikamwuliza kijana kama mambo hayo hayamchoshi.

“Yanachosha, mjomba,” akasema bila ya kuinua macho. “Unatembea kidogo, wanakuzukia. Unawapiga, unatembea tena, wanakuzukia walewale. Lakini usipowapiga hupati nguvu, na bila nguvu mbele hupiti.”

Basi mtu aliyeuona utenzi kuwa mrefu na wenye kujirudia alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho yeye mwenyewe alikiri kuwa kinajirudia. Kuhusu urefu, hesabu ni nyepesi. Nilimpima babu kwa saa: ubeti mmoja ulimchukua kama sekunde kumi. Kwa mwendo huo Utenzi wa Rasi ’lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, ungekwisha kwa saa kumi na moja na ushei. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, wenye beti 3,000, haufiki saa tisa. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao wanafunzi wetu huulalamikia, una beti mia moja na mbili tatu hivi, na unakwisha kabla chai haijapoa sana. Final Fantasy VII humchukua mchezaji wa kawaida kama saa arubaini. Persona 5, uliotoka Japani mwaka 2016, unakaribia mia. Ikiwa urefu ndio unaochosha, basi kijana wetu angekwishalala zamani.

Wala haitoshi kusema kwamba mchezo una picha na utenzi hauna. Picha za mchezo ule ni za mwaka 1997, na kijana mwenyewe alizicheka. Lipo jambo jengine.

Turudi mwanzo wa michezo hiyo, kwani asili yake haikuwa mashine. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Ulichezwa na watu waliokaa kuizunguka meza, kwa karatasi, kalamu na dadu, na mmoja wao alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyewaeleza wenziwe wamefika wapi, mbele yao pana nini, na tendo lao limezaa nini. Msimulizi aliwaona wenziwe usoni. Akiona wanapiga miayo aliliondoa pambano lililobaki, akawafikisha mjini. Akiona macho yamewatoka aliongeza pambano ambalo hakuwa amelipanga. Mtu wa pwani akielezwa hivi hahitaji kufasiriwa: hiyo ni baraza, na yule ni mtambaji.

Kisha mashine ikapewa kazi ya mtambaji. Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii na kutolewa Japani mwaka 1986, ndio ulioipa michezo ya Kijapani ya aina hii sura yake. Kaseti yake ilibeba kilobaiti 64 tu, kiasi kisichotosha leo kwa picha moja ya simu. Kwa nafasi finyu kama hiyo hapawezi kuwa na hadithi ya siku nyingi. Panaweza kuwa na maadui wachache wanaorudi mara nyingi, na mchezaji akazunguka nao mpaka apate nguvu. Takriri ilifanya kazi ya kuurefusha mchezo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nafasi ilipopanuka, miaka kumi baadaye na zaidi, ada ile ilibaki, kama wapangaji wanaoendelea kulala wanne chumba kimoja na hali nyumba nzima imekuwa tupu.

Takriri ya utenzi imetoka wapi? Kila msomaji wa jarida hili anaijua kanuni: vipande vinne, mizani nane kila kipande, vina vitatu vya mwanzo vinafanana na kubadilika kwa kila ubeti, na kina cha nne, bahari, hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kijana alikuwa amekisikia sawasawa. Sauti ileile ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba ubeti umefungwa, apumue. Ndiyo inayomshika mkono mama aliyeinuka kwenda kutazama sufuria na kurudi, akajua mara moja yupo ndani ya utenzi uleule. Ndiyo inayompa mghani nafasi ya kukumbuka kinachofuata. Vivyo hivyo zile beti za kusema “wakaondoka, wakenda, wakafika”, ambazo katika kitabu huonekana kama vifusi vya njiani. Masikioni ni mahali pa kuweka mguu.

Tena pwani ile ya kusini haiogopi kurudia. Lindi ni moja ya miji ambamo tarika ya Kadiriya ilishika mizizi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na dhikri ni nini kama si kurudia? Maulidi ya Barzanji husomwa mwaka hata mwaka kwa maneno yaleyale, na sijamsikia mtu aliyetoka katikati kwa sababu anaujua mwisho wake. Chini ya mwembe, hatua chache kutoka barazani kwa babu, wazee walikuwa wakicheza bao: mashimo 32, kete 64, mkono ukizunguka kusambaza kete zilezile tangu alasiri. Wanakaa saa nyingi kwa sababu mbele ya kila mmoja yupo mwenzake anayemtazama, anayemtania, na anayengoja akosee.

Hapa ndipo ninapoiona mizizi ya uchovu. Urefu si kosa, wala takriri si kosa. Kinachochosha ni takriri isiyokuwa na mtu wa kuiona imemchosha nani. Babu alipofunua kurasa mbili kwa pamoja alifanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya, na ambayo simu ya mjukuu wake haikuifanya: alimsikia msikilizaji wake.

Nisije nikaonekana kwamba nazitetea tenzi zote. Nimejaribu mara tatu kuusoma Utenzi wa Vita vya Uhuru kutoka mwanzo hadi mwisho na mara tatu nimeuweka chini. Shaaban Robert, ambaye katika insha na mashairi mafupi hana mpinzani, alitunga humo habari za vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vilivyopiganwa sehemu kubwa mbali na macho yake na ya wasomaji wake. Majina ya miji na ya majemadari yanapita mmoja baada ya mwengine, na bahari inafunga kila ubeti kwa uaminifu, lakini mghani wa kuipunguza hayupo. Ulitungwa uandikwe, ukachapwa mwaka 1967 mtunzi akiwa amekwishafariki miaka mitano, na tangu hapo umekaa kitabuni ukingoja mtu wa kuufupisha kwa sauti. Huo ni uchovu wa aina ileile ya kijana na maadui zake, na ni haki kuutaja.

Vita vya Maji Maji ni habari nyengine kwa watu wa Mchinga. Vilizuka Julai 1905 Nandete, katika vilima vya Umatumbi, pamba ya serikali iling’olewa, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Mwezi huohuo moto ulifika Liwale. Haya si majina ya ramani kwa mtu wa pwani ile. Ni kwa shangazi, ni mahali mtu alipoozea binti. Jina la mji likirudi mara ya pili katika utenzi wa vita hivyo, yupo barazani mtu ambaye atasema, “Hapo ndipo alipotoka bibi yake fulani,” na mghani atanyamaza mpaka habari hiyo imalizike. Mtunzi wenyewe hakuandika kwa ajili ya kuwatukuza wapiganaji, na wasomaji wa leo wanaotaka shujaa watamwona mkali. Lakini utenzi wake ni wa mamia ya beti, si maelfu, na palipo na baraza haujapata kuwa mrefu. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa pwani hiyohiyo ya kusini, aliyarudia mambo hayo katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969 na akachagua njia fupi. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo tamthilia ndiyo inayosomwa maskulini, na utenzi wa Abdul Karim umebaki kwa mikono michache yenye fotokopi. Sababu inayotolewa ni ileile: mrefu, unajirudia.

Watengenezaji wa michezo, kusema kweli, wameutambua ugonjwa wao mapema kuliko sisi wahakiki. Katika EarthBound, mchezo wa mwaka 1994, shujaa akiwa na nguvu nyingi kuliko adui aliyemzukia, mashine humpa ushindi papo hapo bila ya kumtaka apigane. Final Fantasy VII uliporudishwa kwa PlayStation 4 mwaka 2015 uliongezewa njia ya kuharakisha mwendo mara tatu na nyengine ya kuwazuia maadui wasizuke kabisa. Ni kukiri kosa, na ni jambo jema. Ila kitufe hakijui ni pambano gani lililokuwa na maana. Kikizimwa kinazima yote, na mchezaji aliyekwepa kila adui hufika mbele akiwa hana nguvu. Babu aliporuka kurasa mbili alijua anachokiacha.

Kwamba alijua, nililigundua siku ya pili, aliponiazima fotokopi ile niisome peke yangu. Niliisoma ndani, kimya, na baada ya nusu saa nilikuwa nimechoka kama mjukuu wake, jambo ambalo sikumwambia. Kisha nikaziona alama za penseli pembeni. Beti nyingine zina msalaba, na mzee alinieleza kwamba hizo huachwa usiku ukiwa umekwenda. Nyingine zina mstari wima: hizo hazirukwi watoto wakiwapo. Pana mahali ameandika jina la mtu wa Mchinga, aliyekwishakufa, ambaye alikuwa akilia hapo, basi kwa miaka mingi walipita haraka. Hakuna chapa ya utenzi wowote iliyo katika kabati langu yenye kitu kama hicho. Wahariri wetu hutupa tafsiri, sherehe ya maneno magumu, tofauti za miswada, na kutuacha na beti zote zikiwa sawa kwa uzito, kama kwamba mtunzi alitaka zimezwe zote kwa mkupuo mmoja.

Nilizinakili alama zote kabla ya kuondoka. Kijana ndiye aliyenishikia taa. Katika ukurasa wa mwisho pana duara dogo ambalo mzee hakutaka kunieleza, na mjukuu alipouliza aliambiwa asubiri mpaka ukifika wakati wake wa kughani.