Aliyeujua Mchanga wa Msimbati

Gari lenyewe halikuwa na sura. Landrova 109 iliyokatwa nyuma, ikapigiliwa bodi ya mbao, na rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Lakini ulipotaka kujenga nyumba ya tofali Msimbati, au kwenye vitongoji vya Ziwani vilivyo mbali na barabara kubwa, hukuanza na bei ya saruji. Uliuliza kwanza kama mzee yupo, na kama gari linatembea.

Watu walimwita Mjomba. Utingo wake alikuwa mpwa, ingawa hawakuwa ukoo mmoja. Huku kwetu kazi ya kurithishana huhitaji mjomba na mpwa, na wasipokuwapo kwa damu watapatikana kwa jina.

Nilipenda kumtazama pale udongo mgumu unapoishia na mchanga unapoanza. Hakuuingia kwa kasi. Alisimama, akavua kandambili, akatembea mbele ya gari peku, akikanyaga hapa na pale kimya kimya. Kisha alirudi, akachuma chelewa kutoka kwenye ukuti uliodondoka, akaichomeka kwenye kijiti cha tairi. Upepo ulitoka kwa mluzi. Hakuwa na kipimo. Alitazama ubavu wa tairi jinsi unavyotuna na unyayo wake unavyotanuka juu ya mchanga.

“Inatosha, mpwa?”

“Bado kidogo, mjomba.”

“Bado wapi? Tazama ubavu, usitazame chini.”

Fowili aliitia akiwa bado kwenye udongo mgumu. Mwenye kuitia akishazama amechelewa. Gia ya pili ya lo, mguu mmoja sawa, bila kubadili njiani, na breki hakuigusa: alipotaka kusimama aliliachia gari life lenyewe, maana breki hurundika mchanga mbele ya gurudumu, na kuondoka hapo ni kazi. Gurudumu likizunguka bila kwenda, alizima mara moja. Wakashuka, wakafukua kwa mikono, wakalaza makuti, wakatoka. Safari zake alizipanga alfajiri, umande ukiwa bado umeushika mchanga. Saa saba mchana ungemtuma kwa fedha yoyote asingekubali.

Na upakiaji! Saruji ilikaa karibu na kibini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Nondo zilikunjwa katikati na kufungwa zisiburuze mikia. Madumu ya maji yalijazwa hadi mdomoni, kwa sababu dumu lililojaa nusu huchezacheza na kulivuta gari kwenye kona. Maji yenyewe yalitoka bara, kama ulivyotoka mchanga wa kujengea. Wapo waliomcheka: unapeleka maji na mchanga pwani? Lakini chumvi ya ufukweni hula nondo ndani ya zege, na nyumba za waliocheka unaweza kuzitambua leo kwa nyufa zenye kutu.

Masika yakiingia, hesabu iligeuka. Mchanga ulioloa hubeba gari vizuri kuliko mkavu. Tabu ikahamia bonde la Ruvuma, Kitaya na Mahurunga, kwenye mfinyanzi unaonata hadi tairi likakosa meno. Gari lilikuwa lile lile, ila Mjomba alibadilika.

Kuna habari moja kuhusu gari hili inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Maurice Wilks, aliyelibuni, inasemekana alichora umbo lake la kwanza kwenye mchanga wa ufukwe wa Anglesey, Wales, mwaka 1947. Mwaka huo huo Waingereza walianza mpango wao wa karanga Tanganyika. Kwa ajili yake Nachingwea ilifyekwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikatandikwa, na vifaru vya vita vikageuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umetupwa, pamoja na pauni milioni 36 hivi, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Mashine zilikuwapo za kutosha. Kutembea peku mbele yake ndiko hakuna aliyekufikiria.

Silii barabara ya vumbi. Aliyewahi kulala Rufiji akisubiri pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, hawezi kuitukana lami. Gesi ya Mnazi Bay nayo, iliyogunduliwa 1982, imeleta kiwanda Madimba na bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa 2015, na pamoja navyo tumeona magari ya nguvu ambayo Mjomba angeyazunguka kwanza kwa heshima kabla ya kuyagusa. Landrova za ukoo ule hata Uingereza waliacha kuziunda Januari 2016.

Kinachoniudhi ni haraka. Tipa la matairi kumi linaingia mchangani saa nane mchana, upepo umejaa kama lilivyotoka kituo cha mafuta, vioo vimefungwa, muziki juu. Likianza kuzama dereva anaongeza mafuta, ekseli inakaa chini, halafu anapiga simu liletwe greda. Greda linalivuta, na nyuma linabaki handaki ambalo mwenye baiskeli ya samaki atalikuta kesho. Utingo wake hajaamshwa. Angeamshwa angejifunza nini?

Mjomba hayupo tena, na yule mpwa anaendesha basi la Masasi, kwenye lami. Kwa hiyo wenye malori wengi siku hizi hawaingii kabisa: wanabwaga tofali pale udongo mgumu unapoishia, pembeni mwa njia, na mwenye nyumba anakodi toyo kuzimalizia. Zinafika pembe zimemeguka. Fundi anazipanga hivyo hivyo, anaziba kwa lipu, na mwenye nyumba anaambiwa aongeze mifuko miwili ya saruji.